Vardar au Shkëndija? Kwa anayetafuta klabu ya kushabikia Makedonia Kaskazini

Usiku wa tarehe 8 Agosti 2017 vibanda umiza vilifurika. Real Madrid na Manchester United walikuwa wanagombea UEFA Super Cup, na sisi wa United tulirudi nyumbani kimya baada ya kufungwa 2-1. Ni wachache waliouliza mechi ile ilichezwa wapi. Ilichezwa Skopje, mji mkuu wa nchi ambayo siku hizo ilikuwa bado inaitwa Makedonia, kwenye uwanja uliopewa jina la mfalme Filipo wa Pili, baba yake Aleksanda Mkuu. Siku 9 baadaye, kwenye nyasi zilezile, wenyeji wa uwanja huo waliifunga Fenerbahçe ya Uturuki 2-0. Wenyeji hao ni Vardar. Nilianza kuifuatilia hapo na sijaiacha, ingawa imenipa miaka michungu.

Kila ninapoitaja, wenzangu wapenda soka huuliza swali moja: nami nikitaka klabu ya kule, nichukue ipi? Majibu yenye uzito ni mawili. Kuna Vardar ya Skopje, na kuna Shkëndija ya Tetovo. Tangu ligi ya nchi hiyo ianze msimu wa 1992–93, hadi 2025 Vardar ilikuwa imetwaa ubingwa mara 11 na hakuna aliyeikaribia. Shkëndija ilikuwa na mataji 5. Ukisimama hapo tu utaona jambo limekwisha, lakini angalia miaka: kati ya 2018 na 2025 Shkëndija imebeba ubingwa mara 4, Vardar mara 1. Tena mwaka 2021, Vardar hiyohiyo yenye mataji 11 ilishuka daraja.

Kwa hiyo anayechagua anachagua kati ya klabu yenye makumbusho yaliyojaa na klabu yenye mezani chakula cha leo. Mimi napima kwa kuangalia kila moja ilianguka vipi na ikainuka vipi, maana mataji ya ligi ndogo kama ile huja na kuondoka upesi mno.

Neno kuhusu jina la nchi kwanza. Wengi wetu Makedonia tuliisikia kanisani, kwenye safari za Mtume Paulo. Miji aliyoipitia, Filipi na Thesalonike, leo iko Ugiriki, na ndiyo maana Wagiriki walilikataa jina hilo kwa miaka mingi. Makubaliano ya Prespa ya 2018 yakaleta neno "Kaskazini". Uwanja nao ukabadilishwa jina mwaka 2019, na sasa unaitwa Toše Proeski Arena, kwa heshima ya mwimbaji aliyependwa sana nchini humo, aliyefariki kijana mwaka 2007.

Rangi moja, asili mbili

Jambo linalomchanganya mgeni ni jezi. Vardar huvaa nyekundu na nyeusi. Shkëndija pia huvaa nyekundu na nyeusi. Ukiwasha runinga bila kujua utadhani ni timu moja, wakati kila mmoja alifika kwenye rangi hizo kwa njia yake.

Vardar iliundwa 1947 ikachukua jina la mto unaokata katikati ya Skopje. Mwanzoni jezi zake zilikuwa bluu na nyeupe. Tarehe 26 Julai 1963, saa kumi na moja na dakika 17 alfajiri, tetemeko la ardhi liliubomoa mji. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, na sehemu kubwa ya nyumba haikufaa tena kukaliwa. Jengo la stesheni ya zamani ya treni lipo hadi leo likiwa nusu, na saa yake kubwa ukutani imesimama palepale ilipozimika. Baada ya tetemeko hilo ndipo Vardar ilipoingia kwenye nyekundu na nyeusi. Mtu wa Skopje anapovaa jezi hiyo, amevaa na historia ya mji wake.

Shkëndija ilizaliwa 1979 huko Tetovo, mji ulio chini ya milima ya Šar, maarufu kwa msikiti wake uliopambwa kwa rangi nje na ndani. Jina lake kwa Kialbania ni "cheche". Nyekundu na nyeusi kwao ni rangi za bendera ya Albania. Katika Yugoslavia ya wakati ule, dola ambayo Makedonia ilikuwa sehemu yake, timu ya Waalbania yenye rangi hizo na mashabiki wanaoimba kwa lugha yao ilikuwa jambo zito kisiasa. Wakuu wa nchi waliiona kuwa kichaka cha utaifa, na klabu ikafungiwa milango. Ilirudi kwa nguvu baada ya Yugoslavia kuvunjika. Sensa ya 2021 inaonyesha kuwa Waalbania ni karibu robo ya wakazi wa nchi, na kwa wengi wao Shkëndija ni zaidi ya timu ya mji.

Ukipenda klabu iliyobeba mji, tayari unaelekea Vardar. Ukivutwa na klabu iliyobeba watu waliokatazwa kuwa na klabu, hapa Shkëndija inakuita, na sitakulaumu.

Ubingwa uliochukuliwa

Nitakaa kidogo kwenye habari hii, kwa sababu shabiki wa Vardar asiyeijua hajaanza.

Enzi za Yugoslavia, Vardar ilikuwa mdogo kati ya wakubwa: Red Star na Partizan za Belgrade, Dinamo ya Zagreb, Hajduk ya Split. Taji lake kubwa lilikuwa Kombe la Yugoslavia la 1961, ilipoifunga Varteks ya Varaždin 2-1 kwenye fainali. Ikaenda Ulaya, ikakutana na Dunfermline ya Scotland, ikachapwa 5-0 kule na kushinda 2-0 nyumbani.

Kisha ukaja msimu wa 1985–86. Mechi za siku ya mwisho zilinuka harufu ya kupangwa matokeo. Chama cha soka, chini ya Slavko Šajber, kiliamuru zirudiwe, na klabu 10 kati ya 18 zikaambiwa zitaanza msimu unaofuata zikiwa zimekatwa pointi 6 kila moja. Vardar hakuwamo kwenye orodha ya waliochafuka. Ilicheza msimu wa 1986–87 mikono ikiwa safi, ikiwa na kijana mfungaji aitwaye Darko Pančev, na msimu ulipofungwa ndiyo iliyokuwa kileleni. Mabingwa wa Yugoslavia! Klabu ya Makedonia haikuwahi kufika hapo.

Ikapelekwa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Droo haikuwa na huruma: Porto, waliokuwa ndio kwanza wametwaa kombe hilohilo. Vardar ilifungwa 3-0 Ureno, ikafungwa 3-0 Skopje. Na huku nyuma klabu zilizokatwa pointi zilikuwa mahakamani. Zikashinda. Pointi zikarudishwa, hesabu zikapigwa upya, na ubingwa ukahamia Partizan. Ukifungua orodha ya mabingwa wa Yugoslavia leo huwaoni Vardar, ingawa Ulaya walikwenda kama mabingwa na Porto wakacheza nao kama mabingwa.

Mimi nasema Vardar walionewa. Najua hoja ya upande wa pili: kama adhabu ilikuwa batili kisheria, basi jedwali lililojengwa juu yake nalo ni batili. Ni hoja nzuri ya wakili. Lakini timu hupanga msimu wake kwa jedwali lililopo, na Vardar waliongoza jedwali lililokuwapo.

Pančev aliondoka 1988 kwenda Red Star. Mei 1991, mjini Bari, ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoipa Red Star Kombe la Ulaya mbele ya Marseille. Ilija Najdoski, mwingine aliyetokea Vardar, alikuwamo kikosini usiku huo. Msimu ule Pančev alifunga mabao 34 ya ligi, lakini Kiatu cha Dhahabu cha mfungaji bora wa ligi za Ulaya alikabidhiwa 2006, miaka 15 baadaye. Watu wa Vardar wamezoea kusubiri haki yao.

Shkëndija haina sura ya namna hii. Wakati Vardar inasafiri kwenda Ureno, wao hawakuwa na ruhusa hata ya kuwapo. Kila mmoja apime mwenyewe kipi kinauma zaidi.

Ulaya: usiku mmoja, matokeo mawili

Tarehe 17 Agosti 2017 ndiyo siku ninayoipenda kwa ulinganisho. Vardar wanaifunga Fenerbahçe 2-0 Skopje. Saa hizohizo Shkëndija wako San Siro wanapigwa 6-0 na AC Milan. Wiki moja baadaye Vardar walikwenda Istanbul wakashinda tena, 2-1, na kuwa klabu ya kwanza ya nchi hiyo kuingia hatua ya makundi ya mashindano ya UEFA. Shkëndija walitolewa, ila marudiano walijikaza wakafungwa 1-0 tu.

Huko kwenye makundi ya Europa League, Vardar walikiona. Zenit waliwafunga 5-0 Skopje, Real Sociedad 6-0, na wakamaliza na pointi 1, ya sare dhidi ya Rosenborg. Lakini walifika. Na miaka 14 kabla ya hapo walikuwa wamekaribia makubwa zaidi: mwaka 2003 walikwenda Moscow wakaifunga CSKA 2-1, wakatoka sare 1-1 nyumbani, na kuingia raundi ya mwisho ya mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Sparta Prague wakawatoa kwa mabao 5-4 ya jumla. Bao moja tu!

Shkëndija wamejenga sifa yao taratibu, raundi kwa raundi. Wamekuwa wageni wa kudumu wa mechi za mchujo. Wa Tottenham wanawakumbuka: Septemba 2020, uwanja mtupu kwa sababu ya korona, Spurs walishinda 3-1 Skopje, na kabla ya mechi José Mourinho, kocha wa Spurs, aligundua magoli yalikuwa mafupi kwa sentimita 5, yakabadilishwa. Habari ya magoli ilienea dunia nzima, na bao zuri la mbali la Valmir Nafiu likasahaulika, jambo ambalo halikuwa haki. Mwaka 2025, wakiwa mabingwa, waliitoa FCSB ya Romania kwa kuifunga nyumbani na ugenini, na safari yao ikawafikisha kwenye hatua ya ligi ya Conference League. Kwa kipimo cha miaka ya karibuni, Shkëndija wako mbele, na shabiki mwenzangu wa Vardar anayebisha hilo anajidanganya.

Nani analipa?

Hapa ndipo tofauti inapouma. Mataji ya Vardar ya 2015, 2016 na 2017 yalikuja chini ya tajiri wa Kirusi, Sergey Samsonenko. Alikuwa pia na klabu ya mpira wa mikono yenye jina hilohilo, iliyotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2017 na 2019. Alipojiondoa kwenye soka, pesa zilikauka. Mwaka 2020, msimu ukiwa umekatishwa na korona, Vardar walitangazwa mabingwa, lakini leseni ya UEFA hawakuipata, na Sileks ya Kratovo ikaenda Ulaya badala yao. Msimu uliofuata ukawa wa kushuka daraja, kwa mara ya kwanza tangu ligi ya nchi hiyo ianze. Misimu 2 ikapita huko chini hadi walipopanda tena 2023. Kutoka kuwafunga Fenerbahçe mpaka kucheza na timu za mitaani ni miaka 4 tu.

Shkëndija wana familia ya Destani, watu wenye asili ya Tetovo, wenye kampuni ya Ecolog ambayo makao yake ni Dubai. Wasomaji walioko Ghuba huenda wamekutana na jina hilo kazini. Hata uwanja wa Tetovo sasa unabeba jina la kampuni. Tofauti ninayoiona ni hii: tajiri wa Vardar alikuja kutoka nje, na siku alipochoka alikuwa na pa kurudi. Wa Shkëndija anafadhili mji wa nyumbani kwake. Hiyo haimaanishi pesa hazitakwisha, ila mwenye ndugu jukwaani huona haya kuondoka usiku.

Jukwaani

Mashabiki wa Vardar wanajiita Komiti, kundi la tangu 1987, mwaka uleule wa ubingwa uliochukuliwa. Jina ni la wapiganaji waliopambana na utawala wa Waturuki wa Osmani. Wa Shkëndija ni Ballistët, tangu 1992, na jina lao linatokana na vuguvugu la utaifa wa Kialbania la wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Majina hayo mawili yakikutana uwanja mmoja, mpira unakuwa sehemu tu ya ugomvi. Mwaka 2001 nchi ilikaribia vita kamili kati ya serikali na wapiganaji wa Kialbania, na milima juu ya Tetovo ilikuwa uwanja wa mapigano mpaka Mkataba wa Ohrid uliposainiwa Agosti.

Nakuomba ulitambue hili kabla ya kununua jezi. Sisi tulio mbali tunaweza kupenda klabu bila kubeba chuki zake. Usiandike mtandaoni tusi la kabila kwa lugha usiyoielewa kwa sababu umeliona kwa mashabiki wenzako. Kuna watu waliozika ndugu kwa maneno hayo.

Na wengine?

Rabotnički, ya mwaka 1937, ni timu iliyotokana na wafanyakazi wa reli wa Skopje. Wa Liverpool mliicheza Julai na Agosti 2010 mkashinda 2-0 kila mechi. Ina mataji 4, na ndiko alikokulia Elif Elmas, aliyekuja kuwa bingwa wa Italia na Napoli. Ukipenda klabu inayolea vijana, iangalie.

Pelister ya Bitola ina mashabiki wenye roho, Čkembari, wanaojiita kwa jina la supu ya utumbo, na ina makombe 2 ya taifa, ya 2001 na 2017. Struga, iliyo kando ya ziwa Ohrid, imekuwa bingwa 2023 na 2024. Huko Strumica, Goran Pandev, aliyetwaa mataji matatu na Inter mwaka 2010, alianzisha akademia yake mwaka huohuo; ilishinda Kombe la taifa 2019, kisha wawekezaji wakaja na kuibadili jina kuwa Brera Strumica. Pandev mwenyewe ndiye aliyefunga bao la Tbilisi, Novemba 2020, lililoipeleka nchi yake Euro kwa mara ya kwanza.

Pobeda ya Prilep siipendekezi. Ilikuwa bingwa 2004 na 2007, lakini mwaka 2009 UEFA iliifungia miaka 8 kwa kupanga matokeo ya mechi zake za 2004 dhidi ya Pyunik ya Armenia, na rais wake akafungiwa maisha. Kwa wenzangu wanaoweka mikeka: ukiona ligi usiyoijua imewekewa odi tamu, kumbuka mechi hiyo.

Kama utaamua leo

Utawafuatilia vipi ukiwa Afrika Mashariki? Saa hazina tabu. Mechi ya saa nane mchana kwao, kwetu ni saa tisa wakati wa kiangazi chao na saa kumi wakati wa baridi. Ligi ina timu 12, huanza Agosti na kusimama katikati ya majira ya baridi, kwa hiyo usishangae Januari ikipita bila mpira. Kipindi kitamu ni Julai na Agosti, mechi za mchujo za Ulaya, ambapo klabu hizi hucheza kama vile mwaka mzima unategemea dakika 90. Mara nyingi ni kweli unategemea.

Unayetaka kushangilia ushindi na kuona timu yako Ulaya karibu kila mwaka, chukua Shkëndija. Ina mfadhili, ina mpangilio, na hadithi yake ya kufungiwa na kurudi ni ya kweli. Kijana wangu wa nyumbani nilimshauri hivyo, kwa sababu umri wake ni wa kushinda.

Mimi nimebaki Vardar. Nilikuwa nao usiku wa Fenerbahçe, nikawa nao siku matokeo ya daraja la pili yalipokuwa hayaonyeshwi popote na nikalazimika kuyatafuta kwa Kisirili, maandishi ya kule, herufi kwa herufi. Jina lao ni Вардар. Ukilizoea kulitambua umepita nusu ya kazi. Na wanapokutana na Shkëndija, angalia kwanza nani amevua nyekundu na nyeusi siku hiyo, kwa maana mmoja wao lazima avae jezi nyingine.